Lori Lisilokunywa Maji

Mkuti, Masasi
8 Juni 1994

Kwako Mama Isabela, mtani wangu,

Bahati imenipiga, tena imenipiga bila kuniambia nijikinge, mpaka majirani wananitazama kichwani kuona kama nimeota pembe. Mwenzako sasa ni mwenye lori. Siyo dereva wa lori. Siyo utingo wa lori. Siyo yule Cuthbert uliyemzoea wewe, aliyekuwa akining'inia nyuma ya Bedifodi ya marehemu mumeo, gogo la kuzuia tairi mkononi, vumbi mpaka kwenye kope. Mwenye lori. Rudia kusoma ukitaka, barua ni yako.

Baada ya hayo ndiyo nakusalimu. Salamu zangu ni nyingi kuliko mashimo ya barabara ya Newala, na mashimo yale unajua hakuna aliyewahi kumaliza kuyahesabu akiwa na meno yake yote. Sisi huku wazima. Mama Gideoni mzima, yupo hapa anapepeta mchele na kunikoholea kila nikiandika mstari, nadhani ni pumba.

Sasa nikueleze. Lenyewe ni Mjapani. Tani saba, rangi ya mbingu ya Juni. Limekuja kwa meli likiwa na maandishi ya kwao mlangoni, na Masasi nzima, pamoja na mapadre, hakuna awezaye kuyasoma. Nimewaambia watu yanasema "Mali ya Cuthbert". Hakuna aliyebisha. Ndizo zama zetu hizi za ruksa, mtani. Zamani lori lilikuwa la chama cha ushirika au la misheni. Leo hata mtu wa darasa la nne kama mimi anaweza kuamka asubuhi akalipiga teke tairi lake mwenyewe.

Kebini yake inainama. Unafungua kufuli moja tu, kebini nzima inalala mbele, injini inabaki wazi unaitazama kama ugali mezani. Kwenu kule kwenye Bedifodi, mtu alikuwa anaingiza kichwa ndani ya bonati kama anayerina asali, akitoka uso nusu mtu, nusu masizi. Kiti kina springi. Redio inameza kaseti. Ukipiga honi, mbuzi wa Mkuti wanasimama pembeni kwa mstari kama wanafunzi.

Nasikia Bedifodi yenu bado imelala chini ya mkorosho. Mtani, mwiteni mhunzi. Chuma kile kitatoa majembe ya Mkunya yote, na kitakachobaki wafanyieni Waanglikana kengele. Muingereza aliondoka mwaka wa sitini na moja, ninyi bado mnamfugia gari lake.

Barua hii anakuletea Mwalimu Ethel. Jibu langu usimpe kwa mdomo, andika.

Ni mimi, niliye juu ya magurudumu sita,
Cuthbert


Mkunya, Newala
22 Juni 1994

Baba Gideoni,

Mwalimu Ethel ameifikisha barua yako. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa furaha, mara ya pili kama mtu aliyekaa kebini miaka kumi na minane upande wa kushoto.

Hongera. Marehemu angekuwepo angechinja jogoo, halafu kabla hujamaliza paja angekuuliza swali, nami nakuuliza badala yake. Mjapani wako anakunywa maji kiasi gani kutoka Masasi mpaka akamaliza mlima wa Newala? Usinijibu habari ya redio. Huku kwetu maji unayomimina kwenye rejeta kuna mwanamke ameyateremkia bondeni akayapandisha kwa kichwa. Bedifodi ilikuwa inakunywa debe moja kupanda, na debe hilo nilikuwa nalipima mwenyewe. Kuna malori yalikuwa yakipita hapa tunaficha ndoo.

Sasa nikupe yangu. Bedifodi haijawaka tangu wiki ya arobaini ya marehemu. Iliwaka mara moja, ikakohoa, ikanyamaza, na leo ni miaka miwili. Fundi wa mjini amekuja mara tatu. Alibadilisha betri, akabadilisha plagi, mara ya tatu akavua kofia akaniambia gari limekufa na mwenyewe, nisilisumbue. Mwezi jana amekuja mtu wa Lindi, Bwana Nurdini, ananunua chuma chakavu. Mtu mpole. Alitembea kulizunguka gari na chaki, akachora mistari mahali atakapokata, kama fundi cherehani anayempima bibi harusi. Nimemwambia asubiri.

Ninakuandikia kwa sababu hiyo. Oktoba korosho zinaanguka, na mwaka huu wanasema wanunuzi binafsi watajaa. Lakini watakaa mjini na mizani yao, hawataingia Mkunya wala Mnyambe. Msimu uliopita tulibeba kwa kichwa na baiskeli, mvua ikatukuta njiani, korosho zikaota weusi, tukaambiwa daraja la pili. Safari hii wanawake kumi na wawili tumeamua kuweka mzigo wetu pamoja. Tumebakiza kitu kimoja, gari. Ama niifufue Bedifodi, ama niiuze na tutafute la mtu.

Wewe uliijua kuliko mtu yeyote aliye hai. Niambie, ina uhai au haina? Na uje na huyo Mjapani wako uitazame, urudi na makopa yangu ya muhogo gunia tano, usirudi mtupu.

Mtani wako,
Agatha


Mkuti, Masasi
9 Julai 1994

Mama Isabela, mama wa maswali,

Unauliza maji. Mjapani hanywi maji, anaramba. Juma lililopita nilipanda mlima wa Newala na tani saba za saruji. Nilibeba maji chupa moja ya soda, kwa heshima tu, maana mtu mzima hasafiri mikono mitupu. Nilipofika juu nikafungua rejeta, lori likakataa. Nikayanywa mwenyewe.

Wewe umekaa kebini miaka kumi na minane, sawa, lakini ulikaa kebini moja. Mimi nimezunguka, mtani. Mtaliano anapanda vizuri ila ana kelele, ukimsikia unadhani kuna ndoa inavunjika. Mswidi ni gari la watu wazima, likishaanza safari huliulizi linafika lini. Mhindi ni mvumilivu sana, shida yake kila siku anaomba kitu kidogo. Na Muingereza, huyo ni mzee wa heshima. Asubuhi unampigia hendeli, anakohoa, anakuuliza umelalaje, anakohoa tena, ndipo anaamka. Zamani tulikuwa na muda wa kusalimiana na magari. Sasa kuna biashara. Mjapani unageuza ufunguo, hata "hodi" hujamaliza, kashawaka.

Kwa hiyo ushauri wangu ndio huo. Mwite Bwana Nurdini wako na chaki yake, akate, apeleke, na wewe nunua cherehani. Cherehani haihitaji difu wala ekseli. Bedifodi ile hata ukiifufua itaanza kukuuliza habari za Malkia.

Kuja Mkunya nimekusudia sana, tatizo ni ratiba. Mjapani wangu leo Songea, kesho Mtwara, keshokutwa hata mimi mwenyewe sijui. Nikipata nafasi nitatokea tu, mtasikia honi. Makopa yasikusumbue, gunia tano kwa Mjapani ni kama kumwekea tembo kofia.

Mama Gideoni anasema shikamoo zake zote zimeisha kwa wazee wa hapa, kwako anatuma salamu tu. Anasema pia kuna jambo anataka kukuambia lakini hajui kuandika haraka. Mimi nimemwambia asihangaike.

Kwa heri ya matairi mapya,
Cuthbert


Mkunya
20 Julai 1994

Baba Gideoni,

Kwa hiyo ulipanda mpaka Newala na saruji, ukafika, ukakaa, ukanywa na maji yako, ukarudi Masasi, hujaja kunisalimu. Ningekuwa mtu wa kununa ningenuna. Ningekuwa mtu wa kutukana ningekukumbusha nani alikufundisha kupangusa pua kwa leso badala ya mkono wa shati. Nasema tu kwamba nimesikia.

Tukiacha hilo, neno lako nimelichukua. Mwanzo nilidhani unanitania kama desturi yetu. Kwenu na kwetu ni watani tangu kwa mababu, na mtani akikwambia nyumba yako inanuka huhami. Nikakaa nikafikiri. Maneno haya yangetoka kwa Cuthbert utingo ningecheka nikaenda shamba. Lakini yanatoka kwa mwenye lori. Mtu aliyejinunulia gari lake mwenyewe, akalijua kwa jasho lake, akiniambia Bedifodi ni majembe, basi ni majembe. Hakuambii kwa utani, anakuambia kwa uzoefu.

Nimewaeleza wenzangu kumi na mmoja. Nimewasomea na ile habari ya chupa ya soda. Dominika alipiga kigelegele, maana yeye ndiye anayeishi mbali zaidi na bonde. Wamekubali wote. Bedifodi tunaiuza, na korosho Oktoba zitabebwa na wewe. Nimewaahidi kwa jina lako. Wamekwisha kuacha kutafuta mtu mwingine, na yule mwenye trekta la Makote aliyekuwa tayari tumemwambia asante, tumepata.

Bwana Nurdini anakuja Ijumaa tarehe 19 Agosti na mitungi yake ya gesi.

Nilikwenda jana kukaa kidogo ndani ya Bedifodi, upande wangu. Kiti kimechanika, kuku ametagia pale. Mayai niliyaacha.

Agatha


Mkuti, Masasi
30 Julai 1994

Mama Isabela, mama yangu, mtani wangu wa pekee,

Subiri kwanza.

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaketi, nikasimama tena. Nani kasema Bedifodi ni ya kuuza? Mimi? Lini? Ni kweli niliandika, lakini kuna kuandika na kuna kuandika. Wewe mwanamke wa kanisa, hujui mfano?

Sikiliza. Kwanza, chuma kinapanda bei huko Ulaya, nimesikia kwenye redio, ukiuza sasa utajuta. Halafu mkorosho ule umeshazoea gari chini yake, ukiliondoa ghafla mti unaweza kugoma kuzaa, niliwahi kuona. Halafu marehemu kanijia ndotoni. Alikuwa amekaa kwenye usukani, shati lake lile la mistari. Alikuwa anapiga honi tu na kunitazama. Mimi ndoto za honi sizichezei.

Na kuhusu Mjapani, naye ni mashine, mtani, siyo malaika. Kwa sasa ana kaugonjwa ka difu. Si kikubwa. Ila wataalamu wanasema huenda Oktoba akawa bado anapumzika. Na akipona, Novemba ana safari. Kwa hiyo usiwaahidi watu sana. Mtu unamwahidi nusu, ile nusu nyingine unabaki nayo.

Bedifodi ina uhai. Naapa. Injini ile marehemu aliifungua mwenyewe mwaka themanini na saba, mimi nilishika taa, aliweka pistoni mpya na alizipangusa kwa kanga yako ile ya zambarau, sasa unajua ilikopotelea. Injini kama hiyo haifi kwa sababu ya arobaini ya mtu. Usiuze. Naomba usiuze.

Cuthbert, mwenye haraka

Mama Isabela, ni mimi Julia, Mama Gideoni. Nimeipata kalamu yeye ametoka kwenda kunawa uso. Anaandika anafuta jasho. Muulize hilo lori linalala wapi. Muulize hilo tu.


Mkunya
10 Agosti 1994

Baba Gideoni,

Utani wako utaniua. Nimecheka mpaka Isabela akaja mbio kuuliza ni mgeni gani amefika. Mkorosho ugome kuzaa. Nimewasomea wenzangu, Dominika alijifunika uso kwa kanga. Amesema mtu huyu akija Oktoba apewe uji wa karanga, maana anatuchangamsha.

Hiyo ndiyo tofauti ya barua zako. Ile ya Julai ilikuwa barua ya mwenye lori, ina ratiba, ina Songea na Mtwara. Hii ya sasa ni ya mtani, ina ndoto. Mimi nafuata ile.

Ila kanga ya zambarau sijacheka. Tutaongea.

Mama Gideoni kaniandikia nikuulize lori linalala wapi. Nimemwelewa, na wewe mwelewe. Mwanaume akipata gari, mke anaona amepata mke mwenza. Mwambie lori haliingii ndani, linalala nje, na wewe ukalale ndani. Usimfanye mwenzangu aandike kwa kujificha.

Kaka yangu Mwalimu Optatus hakucheka. Yeye anasema mtu akikuambia uza, halafu akakuambia usiuze, huyo anataka kulinunua gari mwenyewe kwa bei ya kutupa, atoe spea. Nikamwambia mwenye Mjapani anataka spea za Muingereza za nini? Akarudi kusahihisha madaftari. Hata hivyo nitakwenda kumchukua Newala asubuhi ya Ijumaa awe shahidi wangu, maana karatasi za mauzo zinahitaji mtu anayesoma herufi ndogo.

Sasa nina ombi moja, na nimeshamkubalia Bwana Nurdini kwa niaba yako. Ana gesi, ana watu, hana gari la kuondolea chuma akishakata. Nikamwambia asihangaike kwenda mbali, mtani wangu ana Mjapani wa tani saba, kwake Bedifodi ni kofia ya tembo. Amefurahi. Kama difu haijapona, azima lori la mwenzako siku hiyo, ninyi wenye malori mnajuana.

Kwa hiyo Ijumaa tarehe 19 tunakusubiri hapa, wewe na lori. Utaibeba mwenyewe. Nimeona ni heshima, ibebwe na mtu aliyeijua.

Agatha


Mkunya, ndani ya Bedifodi
Ijumaa 19 Agosti 1994, saa sita mchana

Mama Isabela,

Mwandiko ukiuona unatetemeka usidhani ni mkono. Ni injini.

Nimefika kwa basi la alfajiri, na kutoka mjini kuja hapa nimetembea, na mfuko wa spana begani na petroli lita tano mkononi. Nadhani tumepishana, wewe unakwenda kwa Mwalimu Optatus, mimi nakuja. Nimemkuta Isabela. Ameniuliza lori liko wapi, nikamwambia linakuja. Hata hapo, mama yangu, hata hapo nimesema linakuja. Kanipa maji kikombe kizima, nikayanywa kwa aibu.

Bwana Nurdini nimemkuta ameshapanga mitungi yake na amevaa miwani ya kuchomelea. Kweli ni mtu mpole. Nikafungua mlango, nikamwondoa kuku, nikakaa kwenye usukani nikafunga mlango. Akaniambia, "Mzee, shuka tufanye kazi."

Nikamwambia, "Sishuki. Mimi ni mtani wa mwenye nyumba."

"Mtani wa mke au wa marehemu?"

"Wa mke. Marehemu alikuwa bosi wangu."

Akavua miwani. "Utashuka kwa kitu gani?"

"Kwa neno la Mama Isabela mwenyewe. Lingine silijui."

Akawatazama vijana wake, wakamtazama. Mtu wa pwani ya kusini anajua kwamba mtani akishakalia kitu huwezi kumvuta miguu, utakuwa umejitafutia mikosi na aibu. Akakaa chini kwenye mtungi, akamwomba Isabela chai. Wakaanza kunywa. Akaniletea na mimi kikombe, akanipitishia dirishani.

Nilipoona wametulia nikashuka upande wa pili nikafungua bonati. Isabela aliniruhusu, usimgombeze. Fundi wako wa mjini alibadilisha betri na plagi, lakini hakufuata mrija wa petroli, kwa sababu alikuwa na haraka ya kutafuta mchawi. Mimi nimeufuata. Nyigu, mama. Nyigu wa udongo wamejenga kijiji kizima ndani ya ule mrija, udongo mgumu kama saruji, na kwenye kabureta wameweka kitongoji. Gari limekaa wiki sita za msiba halijaguswa, wao wakahamia. Hakuna aliyekufa na mwenyewe. Njaa tu ndiyo iliyoliua, miaka miwili halijapata hata tone.

Nimezibua kwa waya wa breki ya baiskeli, nimepuliza kwa mdomo, ladha yake sitaisahau. Betri yako haina nguvu ya kuzungusha injini kwa hiyo nimepiga hendeli. Mara ya tisa ilirudi nusura iondoke na mkono wangu. Mara ya kumi na moja ikaongea. Moshi wa bluu, kuku hewani, kijana mmoja wa Bwana Nurdini kakimbia na mtungi. Tairi tatu zilikuwa chini, nazo nimeziziba. Usiniulize nimejifunzia wapi kuziba pancha haraka namna hiyo, nakuja huko.

Ukisoma haya umesharudi, unasikia muungurumo, Mwalimu Optatus yuko pembeni yako, na Isabela kakupa karatasi hii. Mimi nimefunga vioo. Nakujua, Mama Isabela. Utafurahi, utapiga bonati kofi mbili, machozi kidogo, halafu akili yako ya hesabu itarudi. Utasema mzee huyu amewaka, ni vizuri, ameaga vizuri, lakini mlima na tani saba ni habari nyingine, na Oktoba Mjapani wa mtani yupo, kwa hiyo kateni. Ndiyo maana naandika. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini mdomo huu nimekaa nao miaka hamsini na miwili, nikiuachia utaleta mkorosho uliogoma. Na ukicheka nami nitacheka, na Bwana Nurdini atawasha gesi.

Kwa hiyo hii siyo ya mtani. Isome kama unavyosoma karatasi ya mauzo.

Msiuze. Waambie Dominika na wenzako wengine kumi wasitegemee gari jingine zaidi ya hili, na kama yule wa trekta la Makote bado anasikia, mrudieni awe wa akiba. Bedifodi inahitaji mkanda wa feni, betri, na breki za nyuma zikazwe. Mlima itapanda kwa debe moja la maji kama zamani, nitalibeba mimi hilo debe kutoka bondeni. Nitaendesha msimu wote. Ukiona sifai kushika usukani baada ya haya, mtafute dereva na mimi nirudi nyuma na gogo langu, kazi ile naijua.

Chama cha ushirika nilichokwenda kuendeshea kilipunguza madereva, nami nilikuwamo. Mwaka wa pili sasa. Naziba pancha karibu na stendi ya Masasi, chini ya bati moja. Mama Gideoni anauza maandazi pembeni, ndiye anayetulisha. Mjapani yupo, yule wa rangi ya mbingu, lakini ni wa mfanyabiashara mmoja ambaye hata jina langu halijui. Lori ndilo huja kwangu kuzibwa tairi. Mlima wa Newala nilihadithiwa na dereva wake, na hata yeye hakusema habari ya chupa ya soda, hiyo niliiweka mimi. Tarehe nane Juni dereva yule alikwenda kula, akaniachia ufunguo nimlindie. Nikapanda nikakaa kwenye kiti. Watu wawili wakapita wakanisalimia "shikamoo, bosi", nikaitikia marahaba. Jioni nikakuandikia wewe, kwa sababu wewe ndiye ungejua jambo hilo lina ukubwa gani.

Sina lori, Mama Isabela. Sijawahi kuwa nalo.

Cuthbert